Barua ya Fundi Cherehani

Umewahi kumwona mama aliyejikata mwenyewe kwenye picha za mwanawe? Bibi mmoja alimwona ndani ya basi, kiti cha mbele yake. Mama huyo alikuwa fundi cherehani, raia mpya wa nchi hiyo ya ugenini. Picha alizozipanga mapajani zilipitiwa na mkasi, sawasawa kama kola ya shati, akabaki binti yake peke yake.

"Nilitaka ziwe nadhifu, dada," alimwambia jirani yake, karani mstaafu aliyekwisha kuwaleta wanawe wawili kwa fomu za uhamiaji kama zile alizokuwa akiziandaa fundi. "Si mtoto ndiye anayeombewa?"

"Wanataka kukuona naye, mdogo wangu. Hapa umebaki kiwiko tu."

Bibi akajifanya anatazama nje. Karani, kwa upole wake, hakucheka.

"Picha nzima ziko wapi?"

"Kwenye simu ya mama yangu, kule nyumbani anakokaa mtoto."

"Azitume leo leo. Lete na barua ya maombi." Aliisoma neno kwa neno, kidole kikifuata mistari, na bibi akampenda hapo hapo. "Umetaja shule, chanjo, hata godoro. Umejitahidi kweli. Ila hujaomba kitu."

"Kwani hawajui?"

"Watajuaje? Unataka nini?"

Basi likasimama kituoni kwao. Karani akamshikisha kalamu, wala hakuinuka. Fundi aliikunja barua, akaikunjua.

"Nataka mwanangu aje akae na mimi, asirudi tena," alisema taratibu. "Akikohoa nimsikie mwenyewe, nisingoje kupigiwa simu."