Konokono wa Baba

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Konokono, naye akaitika kwa furaha.

Mama alizaliwa tarehe 3 Machi 1948, nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akaanza shule ya msingi mwaka 1955, ambako aliadhibiwa kwa kufuga konokono ndani ya dawati, na Januari 1972, akiwa na shahada ya elimu ya wanyama, akaajiriwa na jumba la makumbusho, akapewa chumba cha dirisha moja, magamba ya konokono yamejaa kwenye makopo ya maziwa. Humo aliwapanga konokono wa nchi kavu, nani ni ndugu wa nani, kazi ambayo hapa kwetu hakuna aliyewahi kuifanya, na aina zaidi ya arobaini zikapata majina kwa mkono wake.

Tarehe 14 Desemba 1974 alifunga ndoa na dereva wa makumbusho, baba yetu, wakajaliwa watoto watatu. Kila mwanafamilia alipewa konokono wa kuitwa kwa jina lake, na bibi mzaa baba, alipopewa yule mwenye miiba, alinuna wiki nzima, kisha akawa anaonyesha wageni picha akisema, mnaniona nilivyo mzuri? Baba peke yake hakupata, kila mwaka aliuliza, na Mama akamjibu, wako bado hajaonekana, mume wangu, siwezi kukupa yeyote tu.

Moyo wake ulianza kusumbua mwaka 2021. Aprili 2023, akitoka kliniki ameegemea mkono wa Baba, alisimama ghafla kando ya tangi letu la maji, ukutani amejibandika konokono mdogo, amejiziba mlango kwa utando, anasubiri mvua. Mama hakuwahi kumwona wa namna ile, akacheka mpaka Baba akaogopa, akasema, huyu hapa, anangoja na hachoki, ndiye wewe. Wenzake walithibitisha kuwa ni aina mpya, jina la Baba likachapishwa tarehe 2 Juni 2024, Mama akalisoma mwenyewe, na tarehe 6, alfajiri, akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuazima viti, na wenzake wa makumbusho waliombebea hadubini hadi kitandani.

Mama, pumzika kwa amani, pale kwenye tangi tutapita polepole, tukiangalia tunapokanyaga.