Mti Namba 614 wa Samagun

Mgeni rasmi, Mkuu wa Misitu wa Jimbo, Bwana Aloys Tamutai, wazee wa koo, mashemeji zetu, mabibi na mabwana:

KARIBU

Sisi Wakusanya Majani wa Samagun tunakukaribisha. Uliahirisha mara mbili, na mara ya pili nguruwe alikuwa ameshachinjwa. Tulikasirika, hatufichi. Lakini umefika, na nguruwe wengine wapo.

TULIKOTOKA

Tulianza miaka tisa iliyopita, watu sita, katika hekta moja ya msitu nyuma ya kanisa. Kila mti uliozidi unene wa mkono tuliupima, tukaupigilia kibati chenye namba, tukakausha majani yake kati ya magazeti. Majirani wakatuita viwavi. "Enyi viwavi, leo mmekula mti gani?" Hadi leo wanatuita hivyo.

TULIYOFANIKIWA

Katika hekta hiyo tumehesabu aina 231 za miti. Bibi Gawi alitutajia majina ya aina 230 kwa lugha yetu: upi wa mtumbwi, upi wa dawa ya tumbo, upi unawasha. Alipofika namba 614 alinusa jani, akalamba gome, akasema, "Huu siujui. Nao haunijui." Wataalamu wa mjini nao hawakuujua. Katika msitu wote tumeupata mmoja tu.

Ndipo ukatuandikia, Mheshimiwa, kwamba ukiuona mti huo kwa macho yako utatia sahihi hati ya kuuhifadhi msitu huu, na wakata magogo hawatavuka mto.

CHANGAMOTO

Changamoto ni moja, na tumebishana wiki nzima kama tuisome.

Kwa desturi yetu, banda la mgeni hujengwa na mashemeji, na mwenyeji hakagui kazi yao mpaka iishe. Kukagua ni kuwatukana. Basi mashemeji zetu wa kijiji cha Bulim wakaingia msituni kutafuta nguzo zilizonyooka. Banda lilipokwisha, Shemeji Kaspar alitokea akicheza, kibati kinaning'inia shingoni.

"Mashemeji, oneni! Hata msitu umenivisha nishani!"

Kilikuwa kibati cha 614. Katibu wetu Delma, anayekusomea risala hii, alikaa chini akalia.

"Si mngesema, jamani!" Kaspar akalalamika. "Mimi nilijua mmetuchagulia nguzo!"

Tumemsamehe. Kosa ni letu: wanafunzi wa mjini tumewafundisha maana ya vibati, mashemeji zetu hatukuwaambia.

Wapo waliotaka tukuoneshe mti mwingine, maana ungejuaje? Bibi Gawi akakataa. "Mkimdanganya kwa mti mmoja, na zile 230 atasema mmezitunga."

MAOMBI

Tunaomba utie sahihi. Sharti lako tunalijua, la kuuona mti.

Banda hili lilijengwa kwa safari yako ya kwanza. Kwa kuwa hukuja, limenyeshewa wiki saba. Jumapili iliyopita, nguzo iliyo mkono wako wa kushoto ilitoa majani manne. Bibi Gawi ameyanusa, akalamba gome. Ndiyo namba 614 yenyewe.

Hatujui kama imeshika mizizi. Kwa hiyo ombi la pili ni dogo: Mheshimiwa, tafadhali usiiegemee.

Mungu akufikishe nyumbani kabla ya mvua, na mvua atuachie sisi.

Ni sisi,
Wakusanya Majani wa Samagun, viwavi wako.