Tembe Lenye Ramani

Ndani ya basi la kutoka Kibaigwa, Mzee Sila alimuuliza binti aliyekaa naye karatasi aliyoishika ni ya nini. Salwa, msanifu majengo, akaikunjua mapajani.

"Nyumba ya tajiri mmoja wa Dodoma, babu. Kuta nene za udongo, madirisha madogo, na paa tambarare la udongo. Ndani baridi tupu bila feni. Ndizo nyumba za kisasa, zinatunza mazingira."

Mzee Sila akakuna kidevu. Katika nyumba kama hiyo alizaliwa, akaoa, akazeeka, na hakuna aliyewahi kumpongeza kwa kutunza chochote.

"Mjukuu wangu, hilo si tembe?"

"Ni tembe, babu. Ila lina ramani."

"Huyo tajiri hana uwezo wa bati?"

"Anao. Hataki. Anasema bati lina joto."

Mzee akatoa simu yake ya kitochi. "Wanangu nimewaacha wanabomoa tembe letu. Eti linawaaibisha kwa wakwe. Sasa niwaambie waache?"

"Wamefika wapi?"

"Walikuwa juu ya paa."

Basi likasimama. "Mzee wa mabati," konda akaita, "duka uliloulizia hili hapa!"

Simu ikiita sikioni, Mzee Sila akainuka, akakaa, akainuka tena.