Milimita na Ncha Kumi na Moja

Tarehe 30 Juni, msanifu wetu wa kingo za barabara, vile vyuma vya pembeni vinavyozuia gari lisitumbukie bondeni, tunayemwita Milimita, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja. Nimepewa mimi, bibi wa chai, kazi ya kumwandika, maana ninyi wengine wote mlimkuta hapa. Shule sikukaa sana, lakini macho ninayo.

Jina alilipata kwa ubishi. Nguzo ikikosewa upana wa kidole, ing'olewe. Mafundi walinung'unika kwamba madereva hawatembei na rula. Akawajibu ndiyo maana yeye anatembea nayo.

Amechora kingo za kona zote za mlimani, na zile za katikati zinazozuia gari lisirukie upande wa wenzake. Husema ukingo mzuri hujikunja kidogo, ukalipokea gari na kulirudisha njiani.

Sasa niseme lililo zito. Mwaka wake wa sita, mwalimu mmoja aligonga ncha ya ukingo aliouchora yeye. Ncha ilitazama magari, ikapenya mlangoni kama mkuki. Mwalimu hakupona. Mchoro ulifuata kitabu cha kanuni cha siku zile, hakuna aliyemlaumu. Mwenyewe akaandika barua ya kukiri kosa, akataka ncha zote za namna ile zipindwe kuiacha barabara na kufukiwa kwenye kilima cha pembeni.

Mkubwa wa wakati ule akamwamuru aifute barua, inaaibisha ofisi. Akakataa. Akahamishiwa stoo miaka miwili, meza yake katikati ya makopo ya rangi. Nikimpelekea chai nilimgombeza: mdogo wangu, omba radhi urudi dirishani kwako. Akaniuliza, dada, nikiifuta barua, ncha zitajipinda zenyewe? Tangu siku hiyo sikumgombeza tena.

Siku za Jumamosi alizihesabu ncha hizo kwa miguu: mia mbili na kumi na nne. Mkubwa yule alipoondoka, barua ikasomwa upya, kazi ikaanza. Leo zimebaki kumi na moja. Alitaka aondoke zimekwisha, umri umemkatalia. Ijumaa iliyopita alibandika ukutani orodha ya hizo zilizobaki, akasimama mbele yake mpaka chai ikapoa.

Enyi vijana, hotuba hazipindi chuma. Orodha mmeiona.

Milimita, mdogo wangu, asante kwa kazi na kwa ukaidi. Nenda salama, afya ikusindikize, wajukuu wakuchoshe. Hizo kumi na moja tuachie. Zikichelewa, nitakupigia simu mwenyewe nikutajie aliyelala.