Mawe Yaliyokufa Kabla ya Tangazo

Pale Lurambi, ubavuni mwa kibanda cha Injinia, fundi wa redio, kuna benchi la ubao wa kitanda ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Mzee Osundwa, mtu wa Mumias, huegesha jiko lake hapo kila alasiri, birika la kahawa tungu juu, vikombe kwenye ndoo ya maji ambayo ni heri usiichungulie. Watu wa benchi hilo walishamaliza vita vya Ghuba, wakaigawa nchi majimbo na kuiunganisha tena, yote kabla ya mvua ya jioni. Siku hiyo Posho, fundi wa baiskeli wa ng'ambo ya barabara, alikuja bila salamu. Alitua redio yake katikati ya benchi kwa kishindo, na kando yake akatupa kifurushi cheusi kilichofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kahawa ya Waziri, aliyekuwa ameketi hapo, ilimwagikia suruali yake.

— Injinia! Toka huko ndani!

— Karibu, Posho, alijibu Injinia, miwani kwenye paji la uso. Kwani kuna moto?

— Moto ungekuwa afadhali. Keti hapa. Keti hapa mbele ya watu.

Injinia aliketi. Upande mmoja alikuwepo Waziri, karani wa zamani aliyepunguzwa kazini na hajakubali mpaka leo, maana bado anavaa tai. Upande wa pili alikuwepo Katekista, anayefundisha watoto ubatizo Jumamosi na siku nyingine anafundisha kila mtu kila kitu.

— Hii ni nini? Posho alikinyooshea kidole kile kifurushi.

— Si ni betri yako ya kuchaji. Kazi ya mkono wangu.

— Uliniambia nini siku ulinipatia?

— Nilikwambia utasahau kununua mawe ya redio ya duka.

— Uliniambia nitasahau mawe! Mawe ya duka yalikuwa yananipatia habari. Hii yako imenipatia nini?

Sauti yake ilipasuka hapo, naye akachukia kwamba imepasuka mbele yao. Hasira aliitaka, kilio hakukitaka. Akawaeleza kwa ufupi. Mjomba wake Makhanu, wa Likuyani, amekufa. Ametangazwa kwenye redio, jioni baada ya jioni, kama watu wote wanavyotangazwa. Amezikwa. Na yeye Posho, aliyelelewa kwenye boma lile tangu mama yake alipofariki, aliyekula sahani moja na watoto wa Makhanu, alikuwa hapa Lurambi akiziba pancha. Habari alizipata jana kwa binamu yake Khalayi, aliyeshuka kwenye basi akamkuta na tairi mkononi. Khalayi hakumpa mkono. Alimwambia tu: tulikungoja, jeneza likakaa uani mpaka jua likageuka, mama akasema basi, aliyekataa kuja amekataa.

— Pole sana, ndugu, alisema Waziri.

— Sitaki pole. Kila jioni nawashanga redio wakati wa matangazo ya vifo. Kila jioni! Muziki inaimba vizuri, habari inasoma, ikifika matangazo sauti inaingia chini, inaingia chini, puu. Nikiuliza huyu, ananiambia izoeshe. Betri mpya inazoeshwanga. Ni ng'ombe?

— Inazoeshwanga, alisema Injinia, lakini kwa sauti ndogo.

— Kesho asubuhi tunaenda Likuyani, mimi na wewe. Utasimama mbele ya mama Nasambu, mjane wa mjomba, na hiki kitu mkononi. Useme: huyu hakukataa kuja. Hakusikia. Ni betri yangu ilikufa.

— Mimi? Kwenye matanga ya watu? Ili wanipige?

— Wakikupiga nitashika kofia yako.

Hapo ndipo benchi lilipoingia kazini. Mtu akishtakiwa pale hupata mawakili bila kuwaomba, na mawakili wenyewe ndio wale waliokosa kazi nyingine mchana huo.

— Ngoja, ngoja, alisema Katekista, ambaye ulimi wake haujawahi kuipatia redio herufi yake. Hiyo ledio yako inakaanga wapi usiku?

— Chini ya kitanda.

— Chini ni simiti?

— Ni simiti.

— Basi! Simiti inanyonya chaji. Umewekelea betri kwa simiti, chaji inashuka kwa udongo. Haba na haba hujaza kibaba. Saa hii chini ya kitanda yako kuna kibaba mzima ya stima.

— Uongo huo, alisema Waziri. Shida ni asili ya umeme wenyewe. Injinia, ulichaji kwa stima ya hapa?

— Ya hapa kibandani.

— Na stima ya hapa inatoka wapi? Nyingine inatoka Uganda, kule Jinja. Mimi nimekaa ofisini, najua. Sasa umeme wa watu ukiufunga kwa tyubu, jioni ikifika unakumbuka nyumbani. Mkataa kwao ni mtumwa.

— Unavuka mpaka na nini? aliuliza Osundwa, akichochea makaa. Na kitambulisho?

— Na radi, mzee. Kwa nini radi ya Kakamega ni nyingi hivi? Ni umeme unarudi.

Injinia aliona mlango umefunguka, akapita nao.

— Na ujue jambo lingine, Posho, nakwambia kitaalamu. Tangazo ya kifo ni nzito. Rumba ni nyepesi, betri inabeba tu. Lakini kifo, na ile kengele yake, na majina ya watu wote hao, inakula betri mara dufu.

— Hilo ni kweli kabisa, alisema Katekista. Ndiyo maana wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Posho aliwatazama mmoja mmoja. Watu wazima, wenye watoto. Mjomba wake yuko chini ya udongo mbichi na hawa wanapeleka umeme Jinja. Alichomoa kisu cha kukatia viraka, na Waziri akasogea upesi hadi upande wa tofali. Lakini kisu kilienda kwenye kifurushi. Mpira ule aliutoa Posho mwenyewe, tyubu nzuri ya baiskeli ya mteja, na sasa aliupasua kama anayechuna sungura. Mawe sita yakabingirika kwenye ubao. Matano yalikuwa ya aina moja, ya rangi ya fedha, yale ya kuchaji ambayo Injinia aliyatoa kwenye taa mbovu za dharura. La sita lilikuwa limevimba, limetoka uji mweupe pembeni, na karatasi yake ya duka bado ilionekana.

— Hili ni nini? aliuliza Posho polepole.

Injinia aliteremsha miwani kutoka kwenye paji la uso, akaifuta, akaivaa.

— Zile za kuchaji zilikuwa tano. Na redio yako ina nafasi sita.

— Kwa hivyo?

— Kwa hivyo nikaongeza jiwe moja ya kawaida. Lakini sikuweka hivi hivi! Nililianika kwa jua kwanza.

Hata Osundwa aliacha kumimina. Kuanika mawe yaliyochoka juu ya bati kila mtu hufanya, bibi hufanya, padri hufanya; yakipata jua huamka kidogo yakakupa taarifa ya habari. Lakini kulianika, kulifungia pamoja na ya kuchaji, halafu kulichomeka kwenye stima na kulingoja lizoee!

— Ulianika, alisema Posho. Ulianika! Mtu amenilea, amenivalisha, na sikumtupia hata konzi ya udongo kwa sababu wewe ulianika!

Aliinua lile jiwe lililovimba, na kwa kitambo kila mtu alidhani atampiga nalo usoni. Alilitupa mtaroni. Katekista ndiye aliyezungumza, kwa maana kimya humwasha huyo kama upupu.

— Lakini tusimlaumu Injinia peke yake. Hiyo tangazo mimi mwenyewe nilisikia.

Posho aligeuka.

— Ulisikia?

— Ya Likuyani? Marehemu Makhanu, alikuwa mzee wa kanisa? Nilisikia mpaka nikachoka. Habari ziwafikie Jescah wa Matungu, Maximilla na bwana yake, na Cornelius Shitanda popote alipo. Kila jioni, popote alipo. Mpaka nikauliza mama watoto, huyu Shitanda ni kiziwi ama ni roho mbaya?

— Hata mimi nilisikia hiyo, alisema Waziri. Tulicheka sana nyumbani. Mtu anaitwa hivyo na haendi?

— Hata hapa kibandani iliimba, alisema Injinia. Nilikuwa natengeneza redio ya mwalimu. Si ungeniuliza, Posho? Ningekuambia.

Posho aliketi. Aliketi mwisho wa benchi, magoti mbele, mikono ikining'inia katikati. Wao waliona mambo yamepoa. Osundwa alimpa kikombe na Posho akakipokea. Waziri akamkonyeza Injinia, yaani malizia sasa, mtu amelainika.

— Basi, alisema Injinia, na alisema kwa moyo, tusimnyime haki yake. Kosa nimekubali. Nitaenda Likuyani. Nitasimama mbele ya huyo mama na hizi mawe tano, nitasema mbele ya watu wote kwamba ndugu yetu hakukataa. Mimi na huyu tumekaa benchi moja miaka. Kama mimi simjui, nani anamjua?

— Huyo ni mwanaume! alisema Katekista. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama hapo kitambo, pasi ya umeme mkononi, waya wake umeungua. Ni Moraa, mgeni kutoka Kisii aliyehamia mtaani juzi, na alikuwa akingoja wanaume wamalize ili afanyiwe kazi yake.

— Samahani, alisema. Nimewasikia. Poleni na msiba. Lakini fundi, ukifika kule, utaanza namna gani?

— Nitaanza na salamu, mama.

— Halafu?

— Halafu niseme, Posho hakusikia tangazo.

— Huko Likuyani wanamjua Posho? Hilo si ni jina la unga?

— Ni la kinu. Alifanyanga kazi kwa kinu, ndiyo tukamwita hivyo.

— Sawa. Sasa jina lake ni nani?

Injinia alifungua kinywa. Akamtazama Waziri. Waziri akaitazama tai yake. Katekista, ambaye hajawahi kukosa neno tangu abatizwe, alitazama yale mawe matano kwenye ubao, na midomo yake ikaanza kucheza taratibu, kama mtu anayerudia kimoyomoyo tangazo alilolisikia mara nyingi, kisha ikasimama.

Posho aliweka kikombe chini. Alimgeukia Injinia, akamkazia macho, akangoja. Hasira yote bado ilikuwepo, lakini kwa sasa aliishikilia, maana alitaka mmoja wao aseme jina lake. Yeyote. Lingesemwa vibaya, lingesemwa nusu, angelipokea.

— Si ni... Jairus? alisema Injinia.