Bi Ngoja na Ufunguo wa Ghala la Matufaha

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama umeinjika kitu jikoni, punguza moto uje ukae. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyejua kila tufaha lina kazi gani. Tumemzika juzi. Wateja walimwita Bi Ngoja, na jina hilo likamkaa hata nyumbani. Nawaambia mapema, kipindi cha leo hakina sukari nyingi.

Alizaliwa kwenye shamba la matufaha la baba yake. Kwenye shamba hilo watu huja na vikapu vyao na kuchuma wenyewe. Sasa, unajua watu. Wakiona chekundu, mbio. Bi Ngoja alikuwa akisimama njiani, mikono kiunoni, na kupaza sauti: "Ngoja! Unataka kula au unataka kupika?"

Hapo ndipo jina lilipotoka.

"Haya mekundu ya mwanzo wa msimu," alikuwa akisema, "kula leo, papa hapa, juisi ikutiririke hadi kwenye kiwiko. Ukiyaweka yatakuwa ungaunga mdomoni. Yale makubwa ya kijani usiyaume, utakunja uso mpaka jioni. Yapike. Yakipata moto yanalainika yenyewe, hata mtoto asiye na meno atakula. Keki? Chukua ya manjano yenye madoadoa, hayo hayavurugiki ndani ya tanuri. Na haya yaliyopinda yakamue juisi. Nani atakuuliza sura kwenye glasi?"

Watu walicheka, wakachuma walichoambiwa.

Lakini kulikuwa na matufaha ya mwisho. Madogo, magumu, ngozi yake rangi ya kutu. Huchumwa majani yakiwa yanapukutika. Ukiyauma siku hiyo, ni kama kuuma jiwe lenye ndimu. Hayo hulazwa ghalani, kwenye giza na baridi, yasigusane. Baada ya miezi, wakati hakuna tunda lingine popote, hutoka yana utamu usio na mfano. Mwokaji wa mjini aliyachukua kila mwaka.

Baba yao alipochoka, ufunguo wa ghala alimpa Bi Ngoja. Alisema, "Huyu ana mkono wa kungoja." Lango na wateja akampa mdogo wake wa kiume, kitinda mimba. Watoto wa Bi Ngoja humwita Mjomba. Nasi tumwite Mjomba.

Na ghala lilikuwa na sheria moja, wasikilizaji. Moja tu. Mekundu ya mapema hayaingii ghalani. Hata moja. Tufaha lililoiva lina pumzi inayoyaharakisha mengine. Likilala nayo chumba kimoja, yote yataiva kabla ya wakati, na yataoza. Watu husema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Bi Ngoja alikuwa akisema: "Hao wa samaki hawajawahi kufungua ghala langu. Humu kuiva tu kunatosha."

Basi. Mwaka mmoja, ya mwisho yakiwa yameshalazwa ghalani, binti yake alijifungua kwa shida, naye akaenda kumuuguza. Alimwachia Mjomba ufunguo. Msimu ule mekundu yalizaa kupita kiasi na wateja walikuwa wachache, yakabaki marundo langoni. Mjomba aliona uchungu kuyatupa. Akayapanga ghalani, nyuma kabisa, kwenye kona, na kuyafunika kwa magunia. Akafunga mlango. Akasahau.

Bi Ngoja alirudi, binti yake akimfuata na kichanga mgongoni. Akachukua ufunguo, akafungua. Binti anasimulia: "Harufu ilitupiga usoni, tamu kama jamu inayoungua. Mama aliweka mkono kwenye tufaha la kwanza, kidole kikazama. La pili, kikazama. Akaenda moja kwa moja kwenye kona, akafunua magunia. Mekundu. Yalikuwa yameota ukungu. Mama aliketi chini pale pale."

Alimwita mdogo wake. Hakupiga kelele. Alimwonyesha ile kona tu. Mjomba akashika kichwa. "Dada, nisamehe. Mwokaji akija nitamweleza mwenyewe. Mbele ya watu wote."

Kwa maneno hayo Bi Ngoja alimwamini.

Mwokaji alikuja. Familia yote ilikuwa uani, mama yao mzee akiwa kwenye kiti chake. Mwokaji akatazama ghala, akauliza kulikoni. Bi Ngoja akamgeukia mdogo wake, akangoja. Mjomba akakohoa. Akasema, "Ndiyo hivyo, mzee. Dada yangu umri umeenda. Siku hizi anasahausahau. Kabla ya kusafiri alichanganya mekundu na ya mwisho."

Kikulacho ki nguoni mwako, wasikilizaji wapendwa.

Binti alifungua mdomo. Bi Ngoja alimbana mkono. Mama yao mzee alikuwa akitikisa kichwa kwa huzuni: "Masikini mwanangu, umezeeka kabla yangu?" Jioni ile ile ufunguo ukahamia mfukoni mwa Mjomba. Bi Ngoja akahamishiwa langoni, kuwaelekeza wageni.

Jambo hilo ndilo lililomkaa moyoni mpaka mwisho. Ufunguo aliusamehe. Alichotaka ni mdogo wake aseme, kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba dada hakusahau.

Akaendelea na kazi. "Ngoja! Unataka kula au unataka kupika?" Lakini maneno yana miguu. Watu walianza kumsikiliza kwa tabasamu lile la kumhurumia mgonjwa. Akimwambia mtu chukua ya manjano, mtu anaitikia vizuri, kisha anapita pembeni kumuuliza Mjomba kama ni kweli. Naye Mjomba anajibu, "Safari hii amepatia." Bi Ngoja alikuwa akiyasikia hayo. Ukuta wa lango ni mbao tu.

Binti alimshika: "Mama, sema! Au niseme mimi. Mimi niliona!"

Akajibu, "Wewe nimekufundisha kuchuma. Tufaha unavuta?"

"Hapana, Mama."

"Unafanyaje?"

"Unalishika kwa kiganja, unaliinua kidogo. Likiwa tayari, linaachia lenyewe."

"Basi mwache. Neno la kuvutwa halina ladha. Ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni. Nitamngoja."

Binti alikuwa na hasira. Alimjibu, "Mama, mengine huozea mtini."

Bi Ngoja akarudi langoni.

Wanasema ngojangoja huumiza matumbo. Yeye ilimuumiza kila mahali. Mama yao mzee alifariki akiamini Bi Ngoja amechanganyikiwa. Mwokaji alifunga duka akiamini hivyo hivyo. Wale waliokuwa uani siku ile walipungua mmoja mmoja, na kwa kila aliyeondoka, lile neno lilipoteza msikilizaji.

Mwaka huu Bi Ngoja aliugua. Mjomba alikuja kumwona, akaketi kando ya kitanda. Akazungumza habari ya mvua, akazungumza habari ya bati jipya la ghala. Bi Ngoja alikuwa akimtazama mdomoni. Mwishowe akamuuliza, "Una neno, mdogo wangu?"

Mjomba akazungusha kofia mikononi. "Hapana, dada. Pumzika."

Akaondoka. Bi Ngoja akageukia ukutani. Binti anasema, "Nilidhani amelala. Kumbe. Akaniambia, 'Ulisema kweli. Mengine huozea mtini.' Kesho yake asubuhi alikuwa ameshakwenda."

Wasikilizaji wapendwa, kabla ya kipindi hiki Mjomba alifika hapa studio. Alivaa vizuri, macho mekundu. Sitamsingizia, alikuwa amelia. Aliomba niseme kwa niaba ya familia kwamba dada yake alikuwa mtu wa watu, mchapakazi, ingawa uzeeni alikuwa akisahausahau. Akatuachia kikapu cha shukrani. Kiko hapa mezani. Juu kuna mekundu, yanang'aa. Nimeingiza mkono chini. Chini ameweka yale ya mwisho, ya rangi ya kutu. Kikapu kimoja. Yameanza kubonyea.

Tunatoa pole kwa binti yake, kwa wajukuu na kwa wote waliowahi kula tufaha sahihi kwa sababu mwanamke mmoja aliwazuia njiani. Nawe unayesikiliza, kama kuna mtu anangoja neno lako, mtazame leo. Anaweza kuwa haombi. Anaweza kuwa anacheka na wageni langoni.

Na kwako, Mjomba, najua redio yako iko wazi. Pole kwa kufiwa na dada. Uliniomba niwaambie watu kwamba alikuwa akisahau.

Hakusahau.