Mama Mwanasiti, mwalimu aliyerudi darasani

Tarehe 31 Machi 2026, Mama Mwanasiti Assumani anastaafu baada ya kukitumikia Kiwanda cha Sabuni cha Umuravyo kwa miaka ishirini na tisa na majuma manane. Miaka kumi na sita aliitumia kwenye ufungaji, na iliyobaki akiwa mkufunzi wetu wa usawa na ujumuishi kazini. Hayo majuma manane ameyahesabu mwenyewe na ametuonya tusiyasahau.

Aliingia kiwandani Februari 1997, akitokea mtaa wa Bwiza, akiwa na elimu ya darasa la sita na mikono myepesi kuliko ya mtu yeyote. Alifunga miche mia sita ya sabuni kwa saa huku akisimulia habari za mtaa mzima. Mji wetu wakati ule ulikuwa na majeraha ya vita. Wafanyakazi walitoka katika mitaa iliyoogopana, na saa ya chakula kila kundi lilikaa upande wake wa ua. Juma lake la pili, Mama Mwanasiti aliweka sufuria ya maharagwe na samaki wadogo wa ndagala katikati ya ua na kutangaza: "Mwenye kuwa na njaa akuje. Mwenye kuwa na kinyongo abaki na kinyongo yake. Mi nataka sufuria irudi nyumbani tupu." Walioshuhudia wanasema siku ya kwanza walikuja watu watatu. Mwisho wa mwezi alilazimika kununua sufuria kubwa zaidi.

Mwaka 2013, mkurugenzi wetu wa wakati huo, Madamu Mathilde, alimleta mtaalamu kutoka nje kutufundisha namna ya kufanya kazi pamoja bila kubaguana. Mtaalamu alikuwa na kurasa hamsini za Kifaransa, na siku ya kwanza nusu ya ukumbi ililala. Siku ya pili Mama Mwanasiti aliombwa atafsiri. Mgeni alisema dakika kumi, yeye akatafsiri kwa dakika mbili, na watu wakaamka, wakaanza kubishana, kucheka na kuuliza maswali. Mgeni alipotaka kujua amesema nini hasa, alijibu: "Nimewambia ulichotaka kusema." Juma lililofuata Madamu Mathilde alimkabidhi kazi hiyo yote.

Tangu hapo mengi yalibadilika. Wanawake walipata chumba chao cha kubadilishia nguo. Waislamu waliachiliwa mchana wa Ijumaa kwenda kuswali, nao wakashika zamu za Jumapili ili Wakristo waende kanisani. Matangazo yalianza kusomwa kwa sauti, kwa Kirundi na Kiswahili, kwa ajili ya wasiosoma.

Si wote waliopenda. Shefu Xavier, mkuu wa idara ya kukata sabuni, alisimama katika somo la kwanza na kujitetea: "Mama Siti, mi sina ubaguzi. Mi nakaripia watu wote sawasawa!" Mama akamjibu kwamba ni kweli, na kwamba siku hiyo angefundishwa kunyamaza sawasawa. Ukumbi ulicheka mpaka Shefu Xavier mwenyewe akacheka.

Lakini wasifu huu ungekuwa wa uongo kama ungesimulia ushindi peke yake, na mwenyewe Mama ametuomba tuandike habari ya Julai 2019.

Jordan ni fundi wa mashine ya kukata, baba wa watoto wawili, kiziwi tangu utotoni. Kwa miaka minne Mama alimketisha benchi la mbele ili amwone midomo, na kila mwaka alimwandikia kwamba amefuzu. Siku hiyo somo lilikuwa juu ya kumpa kila mtu nafasi ya kusema. Mama alipita kwa kila mmoja akiuliza ni kitu gani kinachomsumbua kazini. Alipomfikia Jordan, alimpiga begani kwa upendo, akatabasamu, akaenda kwa aliyefuata.

Jordan akainuka. Alichukua chaki, akaandika ubaoni: "Miaka mine nakaa hapa. Sijaelewa hata siku moja." Akatoka.

Mama Mwanasiti alisimama akiusoma ubao, akausoma tena, kisha akatugeukia macho yakiwa yamejaa maji: "Na mimi ndiyo mwalimu. Muende kazini. Leo mi ndiyo nimeanguka mtihani."

Jambo hilo lingeishia hapo, kumbe lilimletea Jordan balaa. Habari zilipofika juu, Shefu Xavier aliandika barua kuomba Jordan atolewe kwenye mashine na kupewa ufagio wa uani, kwa kuwa hawezi kuisikia kengele ya hatari. Hakuwa na nia mbaya. Aliogopa mtu asije akakatwa vidole. Lakini kwa Jordan, kutolewa kwenye mashine ile kulikuwa kupoteza ufundi wake na heshima yake. Mama aliomba uongozi umpe miezi mitatu kabla ya kuamua.

Katika miezi hiyo, kila Jumamosi, mwanamke wa miaka hamsini na tatu alipanda kilima cha Kinanira kwenda kujifunza lugha ya alama, darasa moja na wazazi wa watoto viziwi. Vidole vilivyofunga sabuni maisha yote vilikuwa vigumu kama kuni. Asubuhi alipojiona yuko tayari, alimfuata Jordan kwenye mashine ili amwombe msamaha. Alitaka kusema "nisamehe." Mikono yake, kwa ushahidi wa Jordan, ilisema "nikaange." Jordan alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akakamata mkono wa Mama, akaunyoosha vidole kimoja kimoja, akamwonyesha namna inavyosemwa.

Kuanzia hapo walizungumza kila siku, na Mama akagundua mambo ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza. Jordan anaijua mashine kwa nyayo zake: ikianza kuugua, sakafu humwambia kabla sisi wengine hatujasikia kitu. Na kuhusu kengele, alitaka jambo dogo tu, taa nyekundu iwake pamoja nayo. Fundi umeme wetu, Anouar, aliifunga kwa saa mbili.

Mkutano wa uamuzi ulifanyika Oktoba. Jordan alieleza kwa mikono, Mama akatafsiri, na maelezo yalichukua karibu saa nzima. Shefu Xavier aliuliza: "Kumbe huyu mutu alikuwa na maneno mingi hivi?" Jordan akajibu, na Mama akatafsiri bila kupunguza: "Mingi ni juu yako, shefu." Walicheka wote, mkurugenzi akiwa wa kwanza. Shefu Xavier alikunja barua yake, akaitia mfukoni, na Jumamosi iliyofuata alionekana akipanda Kinanira nyuma ya Mama. Leo anakaripia kwa mikono, na Jordan anasema ana lafudhi mbaya.

Baada ya hapo Mama alichana masomo yake yote na kuyaandika upya. Kwake hakuna tena anayefundishwa kabla ya kuulizwa anaelewa kwa njia gani.

Kuanzia tarehe 1 Aprili nafasi yake itashikwa na Jordan, kwa pendekezo la Mama mwenyewe. Mwezi huu tuliona somo la majaribio: Jordan mbele, Nella wa ofisi ya wafanyakazi akitafsiri, na Mama Mwanasiti benchi la nyuma, akipiga soga na jirani yake. Jordan alisimamisha somo na kumtaka anyamaze. Hatukumbuki kumwona Mama akifurahi namna ile.

Mama Mwanasiti, asante kwa kutufundisha, na asante zaidi kwa kukubali kufundishwa mbele yetu. Bustani yako ya mboga za lengalenga kule Kanyosha ikue, wajukuu wakuchoshe kidogo tu, na Mungu akuzidishie afya. Utakapotukumbuka, uje saa ya chakula. Tutakuwa tumekaa pamoja.

Méthode, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Umuravyo